Namna ya kupima pengo la kazi kati ya wanawake na wanaume kwenye mwalo wa dagaa, Kigoma

Mama wa Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, ameshaanika ndoo sita za dagaa kabla ya saa 3 asubuhi. Muulize kama anafanya kazi, na usishangae akikujibu, "Hapana, nipo tu nyumbani." Hadanganyi. Masikioni mwa wengi, kazi ni ajira: mshahara, bosi, kitambulisho shingoni. Ndiyo maana madaftari ya kata yamejaa "mama wa nyumbani" mahali ambapo ukitembea nusu saa ufukweni huoni mwanamke aliyekaa bure.

Mwongozo huu ni wa afisa maendeleo ya jamii, mwanafunzi wa utafiti au kiongozi wa kikundi anayetaka kujua kwa hesabu nani anafanya nini mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, kwa saa ngapi, na anabaki na shilingi ngapi. Unahitaji watu wanne wa kuhoji, madaftari, kalenda yenye miandamo ya mwezi, na mizani ya kilo 20. Kompyuta si lazima.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuchapa fomu: mageuzi ya uchumi hayakufuta pengo, yalilihamisha. Kabla ya 1986 ungeweza kuhesabu walioajiriwa reli, bandari, mashirika ya umma na ushirika, ukaona kuwa wengi ni wanaume, ukamaliza. Baada ya Programu ya Kufufua Uchumi ya 1986, biashara ikafunguliwa. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na katika miaka hiyo ya 1990 watumishi wengi wakapunguzwa kazi. Kaya zikaegemea biashara ndogo. Leo swali la "nani ameajiriwa" linakupa kipande chembamba cha picha. Pengo limehamia ndani ya kujiajiri kwenyewe: aina ya shughuli, saa, mtaji, na nani anabeba hasara.

Anza na mwezi, kisha watu

Tafiti za nguvukazi huuliza kuhusu siku 7 zilizopita. Kwa karani wa benki hakuna neno. Kwa mwalo wa dagaa, swali hilo lina mtego. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki. Uvuvi hulegea kwa siku kama 7 hadi 10. Ukihoji wakati wa mbalamwezi utaandika kwamba wanaume hawana kazi na wanawake wamelala njaa. Ukihoji wakati wa giza tu utaandika kwamba kila mtu anafanya kazi mchana na usiku. Majibu yote mawili ni ya kweli, na ukichukua moja peke yake umepotosha.

Hoji mara mbili, giza na mbalamwezi. Hata hivyo siku 7 za nyuma zinaweza kuangukia pande zote mbili, kwa hiyo usiulize "wiki iliyopita" kwa mkupuo. Chora safu saba, moja kwa kila siku, na juu ya kila safu andika G kama vyombo vilitoka au M kama havikutoka. Taarifa hiyo chukua kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni), usimuulize kila mhojiwa, maana watatofautiana na utabaki na fujo.

Waulize BMU pia kama kuna kipindi cha kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kuhoji kipindi hicho kunafaa kama swali lako ni watu wanaishije ziwa likifungwa. Kwa swali la kawaida, subiri lifunguliwe na uache mwezi mmoja upite.

Mvua nayo ina lake. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuanika kunasumbua, na kipato cha waanikaji kinashuka hata kama boti zinarudi zimejaa. Usilinganishe mwalo uliohojiwa Julai na mwingine uliohojiwa Januari.

Kibali na orodha ya kaya

Barua inaanzia kwa mkurugenzi wa halmashauri (mwanafunzi anaanzia chuoni kwake, kisha kwa katibu tawala wa mkoa), inashuka kwa mtendaji wa kata, halafu mtendaji wa mtaa au kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji aliyesikia habari zako barabarani hatakupa daftari la kaya.

Daftari lenyewe litakuwa limepitwa na wakati. Kaa na mwenyekiti na mabalozi wawili, soma jina kwa jina, kata waliohama, ongeza waliohamia. Uliza mahususi kuhusu wapangaji wa chumba kimoja na wavuvi wanaokaa kambi, maana hao ndio wanaosahaulika, na karibu wote ni wanaume. Ukiwaacha, utapata mtaa wenye wanawake wengi kuliko hali halisi, na wanaume wote wenye familia.

Tuseme kaya ni 480 na unataka 60. Gawanya, unapata 8. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, okota kimoja. Ukiokota 5, chukua kaya ya 5, 13, 21, uende hivyo mpaka mwisho. Mwenyekiti atakuambia, "Nitakuchagulia wanaojua kujieleza." Mshukuru, halafu endelea na vikaratasi vyako.

Kaya 60 zitakupa watu wazima kama 150, yaani wanawake 75 na wanaume 75. Ujue mipaka ya idadi hiyo: tofauti ya chini ya asilimia 16 kati ya makundi hayo mawili inaweza kuwa bahati nasibu tupu. Ukitaka kuona tofauti ya asilimia 10 kwa uhakika, unahitaji watu kama 190 kila upande, ambao ni kaya kama 150. Wahoji wanne, kila mmoja watu watano kwa siku, wanamaliza watu 150 kwa siku 8, na hiyo inaingia ndani ya mbalamwezi moja. Kwa watu 380 utahitaji wahoji wanane, au mbalamwezi ya pili.

Uliza shughuli, usiulize "kazi"

Hapa ndipo utafiti hupona au hufa. Jaribio lililofanywa Tanzania na kutolewa na Benki ya Dunia mwaka 2010 lilijaribu fomu tofauti kwa watu wa aina moja, na kiwango cha ushiriki katika kazi kikatofautiana hadi asilimia 10 kwa sababu ya fomu tu. Fomu fupi isiyo na maswali ya kuchuja ilishusha idadi ya wanawake wanaofanya kazi. Na hili wengi hawalitarajii: kumuuliza mtu mwingine badala ya mhusika hakukubadilisha kiwango cha ushiriki cha wanawake, bali kulishusha cha wanaume. Maana yake ni kwamba wa nyumbani hawajui vizuri mwanamume anashindia wapi. Muulize kila mtu mwenyewe.

Badala ya "Je, unafanya kazi?" soma orodha, moja moja, na usubiri ndiyo au hapana kwa kila siku:

"Juzi Jumanne, hata kwa saa moja, ulienda ziwani? Ulishona au kurekebisha nyavu? Ulisubiri boti mwaloni kununua dagaa? Ulibeba ndoo? Ulianika, uligeuza, ulianua? Ulikaanga samaki wa kuuza? Ulifungasha? Ulipeleka mzigo sokoni au stesheni? Uliuza chochote, mboga, maandazi, mkaa? Ulilima, shamba la nani? Ulipika chakula cha wavuvi? Ulifua au kupika kwa mtu mwingine kwa malipo? Ulisimamia duka au kibanda mwenyewe akiwa hayupo?"

Swali la kupikia wavuvi usilitoe hata ukiambiwa fomu ni ndefu. Chakula hicho ni sehemu ya gharama ya chombo, na anayekipika mara nyingi ni mke wa tajiri (mwenye chombo), na mke huyo hayumo kwenye mgao wa mapato.

Kila "ndiyo" ipe alama: 1 analipwa mshahara, 2 kibarua wa siku au wa ndoo, 3 anajitegemea bila kuajiri, 4 anajitegemea na ameajiri, 5 anasaidia shughuli ya familia bila malipo, 6 anazalisha kwa matumizi ya nyumbani tu. Ugomvi utakuwa kati ya 3 na 5. Mume ananunua, mke anaanika na kuuza: biashara ya nani? Usiamue kwa kuangalia nani ana sauti kubwa. Uliza maswali mawili: nani anaamua bei ya kuuzia, na fedha ya mauzo inalala mfukoni mwa nani. Wote wawili wakijibu "mimi," waandike wote 3.

Alama ya 6 ina siri yake. Tangu azimio la wanatakwimu wa kazi wa kimataifa la 2013, anayelima muhogo wa ugali wa nyumbani tu anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Tafiti za nguvukazi za Tanzania ni za 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Ukilinganisha mwalo wako na mojawapo, soma kwanza imetumia tafsiri ipi. Njia salama ni kupiga hesabu mbili, moja yenye kundi la 6 na nyingine isiyo nalo, na kuziandika zote. Tofauti kati ya hesabu hizo karibu yote itakuwa wanawake.

Mwanamke amhoji mwanamke, pembeni, mume asisikie. Si suala la heshima peke yake: mama hatataja mzigo aliouza kimya kimya wala fedha ya kikoba. Wazee wengine watajibu kwa Kiha. Kaeni siku moja kabla mkubaliane kila shughuli inaitwaje, la sivyo wahoji wanne watatafsiri kwa namna nne.

Shajara ya saa 24

Uliza kuhusu jana, si "siku ya kawaida." Siku ya kawaida haipo, mtu atakusimulia siku nzuri. Anza na adhana ya alfajiri au alipoamka, songa saa kwa saa.

Makosa matatu hutokea kila mara. La kwanza ni saa zenyewe: mhojiwa anasema saa 3, mhoji wa pili anaandika 3, wa tatu anaandika 9, na mwishoni una mwanamke aliyegeuza dagaa usiku wa manane. Amueni kuandika saa za Kiswahili tu, na kila saa iwe na neno nyuma yake: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

La pili ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Mama ameanika, anapika, mtoto yuko mgongoni. Weka safu mbili, shughuli kuu na ya pili. Kama hujui ipi ni kuu, muulize: "Ungeweza kuondoka ukaenda mjini saa hiyo?" Akisema hapana, kuku na kunguru watamaliza dagaa, au mvua itampiga, basi saa ile ni ya kazi hata kama amekaa kivulini anasuka nywele. Saa za kulinda vichanja ni saa za kazi. Mlinzi wa ghala hulipwa kwa kukaa vilevile.

La tatu, kusubiri. Wanunuzi hufika mwaloni alfajiri na boti inaweza kuchelewa. Saa hizo zisipoandikwa, kipato cha mwanamke kwa saa kinapaa bila sababu.

Shilingi zinazobaki

Usiulize "unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Utapewa namba iliyozungushwa. Uliza kwa mzigo kwa mwanamke anayeanika, na kwa usiku wa kuvua kwa mwanamume aliye botini, kisha geuza vyote kuwa shilingi kwa saa.

Namba zifuatazo ni za mfano, weka za kwako. Mama ananunua ndoo 6 kwa 30,000 kila moja: 180,000. Kubeba 6,000, ushuru 4,000, mifuko 3,000, nauli 12,000. Jumla ya gharama 205,000. Anauza 253,000, anabaki na 48,000. Saa zake: kusubiri 3, kuanika na kulinda 7, kufungasha 2, safari na kuuza 8, jumla 20. Hiyo ni 2,400 kwa saa. Mhoji mvivu aliyeandika saa 8 za kuuza tu atapata 6,000.

Sasa mvuvi: mgao wa 45,000 kwa safari ya usiku 2, saa 12 kila usiku, na saa 6 za nyavu. Saa 30, yaani 1,500 kwa saa. Ukiishia hapo utatangaza kwamba wanawake wanawazidi wanaume, na mtu atakuamini.

Uliza mizigo minne ya mwisho, usiridhike na mmoja. Katika minne, mmoja umenyeshewa, dagaa wamebadilika rangi, wameuzwa 120,000 kwa wanunuzi wa chakula cha kuku. Hapo amepoteza 85,000. Mizigo mitatu ya 48,000 ni 144,000. Toa 85,000, inabaki 59,000 kwa saa 80, yaani kama 740 kwa saa. Mvuvi naye safari moja kati ya nne hakupata kitu: 135,000 kwa saa 120, yaani 1,125. Mvuvi akikosa anarudi na sifuri. Mwanikaji akikosa anarudi na deni, kwa kuwa mtaji ulikuwa wake, au wa kikoba. Tofauti hiyo haionekani kabisa kwenye fomu yenye swali la mzigo mmoja.

Malipo ya dagaa badala ya fedha yageuze kwa bei ya mwaloni ya siku ile, si ya mjini. Na usiamini jina la chombo: ndoo ya mwalo huu si ndoo ya mwalo ule. Pima tatu kwa mizani, chukua wastani. Kilo 3 hadi 4 za dagaa wabichi hutoa kilo 1 ya wakavu. Mtu akikupa hesabu iliyo mbali sana na hapo, rudia swali.

Kuhusu mgao wa botini, usibuni kanuni. Uliza tajiri na wavuvi wawili kwa nyakati tofauti: mafuta na chakula vinatolewa kabla au baada ya kugawa? Jibu hilo hubadilisha kila kitu.

Kupima utengano

Wastani wa kipato hauonyeshi kwamba wanawake na wanaume hawagusi kazi moja. Kwa hilo kuna kipimo rahisi. Andika asilimia ya wanaume na ya wanawake kwa kila shughuli, tafuta tofauti bila kujali alama ya kutoa, jumlisha, gawanya kwa 2. Mfano: botini wanaume 50, wanawake 0, kuanika 0 na 45, uchuuzi 20 na 30, kilimo 20 na 20, mshahara 10 na 5. Tofauti ni 50, 45, 10, 0 na 5. Jumla 110, nusu yake 55. Maana yake asilimia 55 ya wanawake ingebidi wabadilishe shughuli ili wagawanyike sawasawa na wanaume. Tumia orodha ileile ya shughuli kila mara. Ukiunganisha "botini" na "kuanika" ukaviita "uvuvi," kipimo kinashuka hadi 10, na hakuna aliyehama popote.

Kisha angalia shughuli ambayo wote wamo, kama uchuuzi, na ulinganishe kipato cha saa humo humo. Pengo likiwa kubwa hata hapo, tafuta mtaji, umbali wa soko na saa. Mara nyingi mwanamke anauza karibu kwa sababu lazima arudi kupika.

Kwa kata za mawese fomu ni ileile, badilisha orodha tu: kupanda na kukata chikichi, kubeba, kuchemsha, kukamua, kuteka maji na kuni, kuuza. Andika pia mashine ya kukamua ni ya nani. Shughuli ikipata mashine huwa inabadilisha mmiliki.

Kuuliza ya zamani

Kama unataka kuona mageuzi yalivyogusa kaya, hoji wenye miaka 60 na zaidi. Miaka usiwaulize kwa namba. Tumia vigingi: vita vya Kagera, kifo cha Sokoine 1984, enzi za ruksa za Mzee Mwinyi, wakimbizi wa Burundi wa 1993, wa Kongo wa 1996, kifo cha Mwalimu 1999. Kwa kila kigingi uliza: chakula cha nyumbani kilinunuliwa kwa fedha ya nani? Swali hilo hutoa zaidi kuliko "ulikuwa na ajira gani." Kumbuka tu kwamba waliopunguzwa kazi wengi walirudi kwao, na wanawake wengi wazee waliingia mtaani kwa ndoa. Unaohoji ni waliobaki, si wote.

Walioajiriwa kwa mshahara watakuwa wachache. Waulize haraka: mkataba wa maandishi upo? Michango ya NSSF inakatwa? Aliyejifungua alipata siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 kwa mapacha, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha? Baba alipata siku zake 3? Yote yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kisichotolewa kiandike jinsi kilivyo, bila kutaja jina la mwajiri kwenye ripoti.

Kurudisha majibu

Majibu yasomwe mwaloni kabla hayajapelekwa halmashauri. Ukiita mkutano asubuhi wakati wa giza, wavuvi wamelala na wanawake wako kwenye vichanja. Watakuja wazee na wagombea. Ita wakati wa mbalamwezi, saa 10 jioni, na usitaje kaya yoyote. Chora ubaoni namba tatu tu: saa za kazi, shilingi kwa saa, na kipimo cha utengano. Watu wa mwalo watakusahihisha bei palepale, na masahihisho hayo yaandikwe.

Huko halmashauri, fika kabla bajeti haijafungwa, ukiwa na namba ya hasara ya mvua mkononi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba turubai na vichanja vya waya kwa kuonyesha kwamba mzigo mmoja kati ya minne unanyeshewa kina hoja ambayo afisa anaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Fomu za wahojiwa zifungiwe, na ukurasa wenye majina uchomwe ukishamaliza mzunguko wa pili.